Saini za Mbwa Mwitu

Jumamosi ile niliweka karatasi mezani, kati ya birika la chai na sinia la maandazi, nikasema anayetaka asaini na asiyetaka aendelee kula. Juu ya karatasi nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: TUWALINDE MBWA MWITU. Sikuona haja ya kueleza zaidi. Watu wanaokuja kwenye mikutano yetu sisi wasema Kiswahili pale ukumbini Husby, hapa Uswidi, wananijua. Wengi wao nimewabeba kwenye basi langu kwa miaka, nimewasubiri wakikimbilia kituoni huku wameshika kofia zisipeperuke, nimewafungulia mlango ambao taratibu za kazi zinasema ukishafungwa umefungwa. Nilidhani hiyo inatosha.

Wa kwanza kuisoma alikuwa mama mmoja wa Uvira, Kongo, ambaye kanisani kwao ni shemasi na kazini ni mhudumu katika nyumba ya wazee. Sote tunamwita Mama Shemasi, hata Waislamu. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Dada, kanisani tunafundishwa tujichunge na mbwa mwitu. Sasa we unatutuma tuwachunge?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Kwake mbwa mwitu ni nabii wa uongo, basi, na katika maisha yake ameshakutana naye mara mbili, mara zote akiwa amevaa suti nzuri. Alirudisha karatasi mezani kwa ncha za vidole, akajimiminia chai.

Wa pili alikuwa Mkenya mmoja anayesafisha mabehewa ya treni. Huyu alifurahi. "Hawa nawajua, madam. Niliwaona Laikipia, wale wa madoa na masikio kubwa. Wamebaki wachache sana. Leta peni." Nikampa kalamu na sikusema kitu. Wa tatu, kijana wa Dar es Salaam, aliniangalia kwa mashaka kwa sababu kwao kulikuwa na wahuni wa mtaani waliojiita hivyo, na alidhani nataka tuwatetee vijana wa magenge. "Dada'angu, hao si tumewakimbia?" akasema, akaenda zake kuongeza sukari.

Mpaka jioni nilikuwa na saini arobaini na moja. Nilijiona bingwa.

Inabidi nieleze neno hili, maana ndilo lililotuponza. Kiswahili kina jina moja, mbwa mwitu, kwa wanyama wawili wasiojuana. Wa kwanza ni yule wa nyumbani, mwembamba, mwenye mabaka meusi na ya manjano, masikio ya duara na ncha ya mkia nyeupe. Wa pili ni huyu wa Ulaya, wa kijivu, ambaye Waswidi wanamwita varg. Waliotutafsiria mambo ya Wazungu zamani hawakuwa na neno la huyu wa pili, wakamwazimia jina la wa kwanza, na sisi tukaendelea hivyohivyo kwa sababu kwetu hakuna aliyewahi kukutana naye akamuuliza jina.

Mimi nimekutana na wote wawili.

Huyu wa kijivu nilimjua kwanza kwa nyayo. Kazini nina mwenzangu, mwanamke wa Kiswidi aliyenizidi miaka michache, dereva kama mimi na mwanachama wa chama cha mazingira, aliyezaliwa kwenye shamba la kondoo kaskazini mwa jiji. Siku moja ya mapumziko, majira ya baridi, aliniambia nipande treni mpaka Upplands Väsby, atanisubiri stesheni na gari lake. Tukaendesha karibu saa nzima, nyumba zikaisha, ikabaki misonobari na theluji iliyoanguka usiku. Akanionyesha alama zilizonyooka kama zimepigwa rula. Akasema, tazama, mmoja amepita hapa.

Mimi nimechunga mbuzi Singida mpaka darasa la saba. Siangalii ardhi kama watu wa lami wanavyoiangalia. Nikainama. Shimo la kila unyayo lilikuwa limekwenda chini mno, na ukingo wake ulikuwa umebomoka mara mbilimbili. Nikamwambia huyu si mmoja. Akasema huku hutembea mmojammoja pia. Sikubishana, nikazifuata tu zile alama, theluji ikiniingia kwenye buti, mpaka kwenye gogo lililoanguka njiani. Pale kwenye gogo kila mmoja alikuwa ameruka kwa namna yake, na ule mstari mmoja ukafunguka: watatu, wanne, watano. Mmoja alikuwa mdogo, ameshindwa kuruka akazunguka. Walikuwa wamekanyaga wote katika nyayo za yule wa mbele. Mwenzangu alisimama ameshika kofia yake, kinywa wazi, nami nilifurahi kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa kupewa zawadi. Miaka ishirini katika nchi hii nimefundishwa kila kitu, kuanzia kutenga takataka mpaka kupanga foleni. Siku ile nilijua kitu ambacho wenyewe hawakujua.

Tangu hapo nilikuwa naenda kila nipatapo nafasi. Baadaye nikaanza kuokota mavi yao, maana wataalamu wanayahitaji: kwa mavi wanaweza kujua nani ni mama wa nani na nani amehamia kutoka wapi. Nilikuwa nayatia kwenye mifuko, naandika mahali na siku, nayahifadhi kwenye friza karibu na samaki mpaka siku ya kuyapeleka. Binti yangu, aliyezaliwa hapa na anayejibu kila ninachosema kwa Kiswidi, siku alipofungua friza alipiga kelele: "Men mamma, det är ju bajs!" Yaani kwamba haya ni mavi. Nikamwambia ndiyo, ni mavi, na yana habari nyingi kuliko simu yako.

Ndipo ikaja habari ya sheria. Serikali ilitaka mbwa mwitu wapungue, Ulaya nayo ikalegeza ulinzi wao, na ikawa sasa wawindaji wanaweza kuruhusiwa pale ambapo zamani wangekataliwa. Msitu wetu ukatajwa. Wananchi wakaalikwa kutoa maoni.

Kuna neno la Kiswidi linaloniudhi mpaka leo: skyddsjakt. Skydd ni ulinzi, jakt ni uwindaji. Unaua, na kuua huko kunaitwa kulinda. Na hilo ndilo lenye adabu kidogo, maana angalau linadai mnyama awe amefanya jambo au yu karibu kulifanya. Uwindaji wa leseni haudai hata kosa. Mnahesabiwa tu kwamba mmezidi. Sasa, mfugaji aliyeliwa kondoo mimi namwelewa kuliko watu wengi wa mjini wanaobandika picha za mbwa mwitu kwenye kompyuta zao. Najua mnyama wako anavyokuwa ukimkuta ameraruliwa. Lakini wale watano hawakuwa wamegusa kondoo. Kaka yake mwenzangu, ambaye zizi lake ndilo la karibu, aliniambia mwenyewe: amezungusha uzio wa umeme na analala usingizi. Walikuwa wamezidi nini, basi? Nani aliyewapimia msitu?

Hiyo ndiyo ilikuwa karatasi yangu. Binti yangu aliponiona naandika alisema, "Mamma, skriv på svenska," niandike kwa Kiswidi. Nilikataa. Kila siku tunaambiwa tushiriki, tuseme, tusijifungie Husby kama tuko kisiwani. Haya, tutasema, na tutasema kwa lugha tunayootea ndoto. Watafsiri wanao. Nikatia zile saini arobaini na moja kwenye bahasha, nikazipeleka kichwa juu kwenye ofisi ya mkoa inayoamua mambo ya uwindaji.

Jibu lilikuja Jumatatu, wiki mbili baadaye. Niliisomea barua ile ndani ya basi tupu kule Akalla, mwisho wa njia, dakika nane kabla ya kugeuza. Ilikuwa ya heshima sana. Walitushukuru kwa maoni yetu kuhusu vildhundar, mbwa wa porini, wakaeleza kwamba mbwa wa namna hiyo hawapo Uswidi, na kwa sababu hiyo maoni yetu hayahusiani na suala linaloangaliwa. Walitutakia kila la heri.

Mtafsiri mmoja, sijui yuko mji gani, alikuwa ameona mbwa, akaona mwitu, akaviunganisha kama mtu anayeunganisha kabati kwa kufuata mchoro. Abiria wa kwanza aliyepanda aliniambia hujambo nikamjibu nusu.

Alasiri nilimpigia afisa aliyetia sahihi ile barua. Nilimweleza kwamba mbwa mwitu ndiye varg, kwamba hatuna neno jingine, kwamba barua yake ni dhihaka. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na sauti ya kijana na hakunikatiza hata mara moja.

"Naelewa," alisema. "Nina swali moja tu. Hao watu arobaini na mmoja, walipokuwa wanasaini, walijua kwamba ni varg?"

Nilifungua mdomo niseme bila shaka. Nikamwona Mkenya na Laikipia yake. Nikawaona wawili waliosaini huku wanatafuna, hawakuangalia hata juu ya karatasi.

"Mkileta nyingine kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri," alisema, "nitazipokea."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo liliniudhi zaidi. Ningepata wa kumtukana ningepumua. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimedanganya. Sikudanganya kwa mdomo, nilidanganya kwa kukaa kimya na kuchukua kalamu yangu iliporudishwa. Watu wale walikuwa wamesaini sura yangu. Wamesaini dereva anayewafungulia mlango. Na kama ofisi ingesema kwamba wahamiaji wale hawakujua wanasema nini, ingekuwa imesema kweli, kwa sababu yangu. Hapo ndipo nilipoona haya, kisha nikakasirika, kisha nikatafuta karatasi safi.

Safari hii nilibandika picha ya varg mzima, kuanzia pua mpaka mkia. Chini yake nikaandika neno la Kiswidi na la Kiswahili. Na nikaweka sharti: hakuna kusaini tu. Kila mtu aandike kwa mkono wake mwenyewe sentensi moja, kwa nini. Tuone nani atasema hatukuelewa.

Nilianza na Mkenya, kwa sababu yeye ndiye aliyenikaa kooni. Nilimkuta kwenye jukwaa la treni, nikamwambia nilikuruhusu usaini kitu ambacho sicho, nisamehe. Aliangalia picha kwa muda.

"Huyu ndiye?" akasema. "Aki madam. Huyu siwezi. Niko na kambwa kadogo kwa nyumba, kanatembea na mimi kila mahali. Wale wetu ningewasaini mara mia. Huyu, hapana."

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa na maelezo ya saa nzima. Lakini alikuwa amesoma, amefikiri na amejibu, na hilo ndilo nililokuja kuomba. Nikatoa nakala ya ile karatasi ya kwanza, nikakata jina lake mbele yake. Nilikasirika mpaka kituo cha tatu.

Kijana wa Dar, kwa upande wake, aliiona picha akapiga paja. "Kumbe mnyama! Si ungesema, dada?" Akaandika kwamba mnyama hashitakiwi kwa kuwa na meno. Mzee mmoja wa Burundi aliandika maneno mawili: sipendi bunduki. Binti wa chuo, mzaliwa wa hapa, aliandika nusu kwa Kiswahili akaishiwa, akamalizia kwa Kiswidi. Mwanamke mmoja wa Mwanza aliandika kwamba mbwa mwitu ana macho ya mama mkwe wake na bado mama mkwe wake anaishi kwa amani. Nilimwuliza kama ana hakika anataka hiyo isomwe ofisini. Akasema ana hakika kabisa.

Wengine walikataa. Mmoja aliniambia wazi kwamba nimepotoka, kwamba watoto wetu hawapati kazi na mimi nahangaika na mbwa. Nilimpa vidonge vyake, nikamwambia mtu anaweza kuwa na mdomo mmoja na mambo mawili ya kusema. Hakusaini, na sidhani kama atanisalimia mwaka huu.

Alhamisi alasiri nilikuwa na saini ishirini na sita, na nikapanda ngazi kwenda kwa Mama Shemasi. Sikuwa na tumaini naye. Nilikwenda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kusoma ile karatasi kwa miwani, na sikutaka isemekane nilimruka kwa kumwogopa. Alikuwa ametoka kazini, miguu ameiweka ndani ya beseni la maji ya moto. Alinikaribisha, akanionyesha sufuria nijipakulie mwenyewe.

Nikaanza na habari ya nabii wa uongo, kwamba hili ni jina tu, kwamba mnyama hana kosa. Akanizuia kwa mkono.

"Hapana, dada. Ile ya kanisa nilisemaka mbele ya batu. Sasa niko nakuambia ya kweli." Akatoa mguu mmoja majini, akaukausha polepole. "Sisi tulikimbiaka na batoto mugongoni. Kijiji kizima. Nani alikusanyaka masaini juu yetu? Vraiment, kweli kabisa, niambie. Nani alikaaka na karatasi, akasema bale batu ba Uvira balindwe? Na leo unanifwata mimi, miguu imevimba, juu ya munyama."

Ningeweza kusema habari za misitu na vizazi vijavyo, na ningekuwa nimemtukana. Nilikaa na sahani yangu. Halafu nikamwambia kitu ambacho sikuwa nimemwambia hata binti yangu.

Nilimwambia nilikuwa na miaka tisa nilipokutana na wale wa kwanza, wa madoa. Walichukua mbuzi wetu wanne mchana kweupe, mimi nikiwa nimelala chini ya kichaka badala ya kuchunga. Nilipigwa, na nilistahili. Baada ya siku chache wanaume walichukua ndama aliyekufa, wakampaka dawa ya kuogeshea ng'ombe, wakamwacha bondeni. Asubuhi tuliitwa kwenda kutazama. Walikuwa wamelala wamesambaa, kumi na mmoja, wengine wamekufa wakiwa wamegusana. Tumbusi walikuwa wamekufa pia. Na mbwa wetu wa nyumbani, aliyenifuata malishoni kila siku, alikuwa hapohapo kati yao, maana naye alikuwa na njaa. Watu waliimba. Mimi niliimba kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa sababu kosa langu lilikuwa limefutwa. Nilimwambia Mama Shemasi kwamba nilicheza, nikaruka, mpaka vumbi likanipanda magotini.

"Sijawaona tena," nilisema. "Nilirudi nikiwa mtu mzima, nikauliza. Watoto wa pale wanalijua neno kama tusi tu. Mama, siku ile hakuna mtu mmoja aliyesema ngoja. Hata mmoja. Na mimi nilikuwa na mdomo."

Maji ya beseni yalikuwa yamepoa. Sikumwomba tena, na nasema kweli kwamba nilikuwa nimeshaikunja karatasi.

"Leta," alisema.

Alivaa miwani. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa na masista, akikandamiza kalamu mpaka herufi zikatokea upande wa pili. Kisha akanirudishia bila kunitazama, akaniambia nikamwage yale maji.

Ijumaa nilibadilishana zamu na mwenzangu, nikafika ofisini saa nane na nusu. Afisa alitoka mwenyewe. Alikuwa kijana kweli, mwenye sweta lililofumwa kwa mkono. Alizihesabu: ishirini na saba. Akasema vizuri, atazituma zikatafsiriwe.

"Hazitoki hapa," nilimwambia, "mpaka nizisome mimi."

Akasema utaratibu hauko hivyo. Nikasema utaratibu ndio uliotufikisha kwenye mbwa wa porini, na kwamba nina muda mpaka saa tisa na yeye pia anao. Nilikuwa nimevaa sare yangu ya kazi, na huenda hilo lilisaidia. Watu wa nchi hii wamezoea kumtii dereva. Akavuta kiti, akachukua kalamu.

Nikasoma moja baada ya nyingine, kwanza Kiswahili kisha Kiswidi changu cha basi, naye akaandika. Kwenye mama mkwe alicheka, akajizuia, akauliza kama kweli aandike. Nikasema neno kwa neno. Nilipofika kwa Mama Shemasi ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Nikasoma kama alivyoandika:

"Nililala porini siku tisa na watoto. Wanyama walitupisha. Waliotufukuza walikuwa watu."

Nikaitafsiri. Kijana yule aliacha kuandika. Aliniuliza kama ameelewa sawasawa, kwamba wanyama waliwapa njia. Nikamwambia ndiyo, ameelewa sawasawa, na huyo mama anaishi Husby na anafanya kazi ya kuwaogesha wazee wenu. Hili la mwisho halikuwa kwenye karatasi. Lilinitoka, na silijutii.

Alipomaliza, aliandika juu ya ukurasa varg, kisha akafungua mabano na kuniomba nimtajie herufi za neno letu. Nikamtajia: m, b, w, a. Akagonga muhuri. Nilimwomba anipe nakala, na niliishika mkononi njia nzima kwenye treni badala ya kuitia mkobani.

Uamuzi ulitoka baridi ilipoanza. Niliusoma kwenye simu wakati wa mapumziko. Uwindaji umeruhusiwa. Si wote watano, lakini umeruhusiwa, pamoja na tarehe za kuanza na ramani ambayo mpaka wake unapita palepale penye gogo. Kwenye ukurasa wa maoni yaliyopokelewa tulikuwemo, ishirini na saba, na neno letu limeandikwa bila kosa. Nililitazama neno lile. Sikuona fahari yoyote. Nilimfikiria yule mdogo aliyeshindwa kuruka, nikalia palepale kwenye usukani, mlango umefungwa, watu wawili wakinisubiri nje kwenye baridi.

Simu ikaita. Alikuwa Mama Shemasi.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Mujukuu wangu alinisomea yote mpaka chini. Umelia?"

"Kidogo."

"Bon, sawa. Hapa chini wanaandika rufaa ni wiki tatu. Rafiki yako ule Muzungu, chama chao kinakata?"

Nikasema ndiyo, mwenzangu ameshanitumia ujumbe, chama chao cha mazingira kinakata na kinataka karatasi zetu ziambatanishwe.

"Iko vizuri," alisema. "Niko na bamama kumi na wane hapa kanisani, kila mutu na kalamu yake, na bote nimebaonyesha picha. Pangusa macho, fungulia batu mulango, kisha ulete karatasi."